Kuhamia Kisumu kwa Wikendi Moja

Nani alisema mtu mwenye watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine ambaye meno yake hayatoshi kung'ata ndizi, anaweza kwenda mahali kupumzika? Namtafuta. Simtakii mabaya. Nataka tu nimkabidhi hawa wangu Ijumaa jioni, nije kuwachukua Jumatatu, anieleze amepumzika upande gani wa mwili.

Wazo lilitoka kwa mama watoto. Tubadilishe hewa, akasema, twende Kisumu. Nikamkumbusha kwa upole kwamba watu hupanda ndege huko Ujerumani kuja kubadilisha hewa hapa hapa Nakuru. Tuna ziwa. Tuna faru. Tangu Desemba 2021 sisi pia ni jiji, na rais alikuja mwenyewe kutukabidhi hati. Sasa jiji likimbilie jiji lingine kutafuta nini? Akaniangalia tu. Nikaenda kushusha mabegi.

Mzigo wetu mwanamume mwenye pikipiki aliutazama akaita mwenzake. Nepi, poti, chupa ya chai iliyojaa uji, neti, blanketi ambalo mdogo hapati usingizi mpaka alinuse, na karai. Karai la kuogea, jamani! Mdogo haogi katika karai la mtu. Mimi baba mwenye nyumba nilibeba shati moja, likawekwa chini ya nepi ili zisipate unyevu.

Kwenye steji nilipanga mkubwa akae mapajani asilipiwe. Makanga si mjinga. Alimwinamia mtoto, akamuuliza kwa sauti tamu, "Unaitwa nani, bosi?" Mkubwa akataja jina lake, la baba yake, umri, na kwamba nyumbani tuna kuku. Makanga akanigeukia: "Mzee, anayejieleza hivi ni abiria." Nikalipa. Mkubwa akakaa mapajani mwangu safari nzima vilevile, na kiti nilichomlipia kikakaliwa na karai.

Ukitoka Nakuru kwenda Kisumu unapanda kwanza hadi Mau Summit, ambako baridi inaingia mpaka kwenye soksi, halafu unapita Kericho, halafu unateremka kuelekea Ahero na mashamba yake ya mpunga. Kisumu iko chini ya Nakuru kwa mita 700 hivi, na kila mita ina nguo yake. Kule juu, mama mmoja wa kiti cha nyuma alinigonga bega: "Baba, huyo mtoto anasikia baridi, mfunike." Tukamfunika. Tulipofika Awasi, mama yuleyule, mkono uleule: "Baba, mbona mnampika mtoto?" Tukamvua. Kofia moja ilipotelea huko na sijaiona tena.

Mambo yaliharibika katikati ya majani chai ya Kericho. Mdogo alikunja uso, akawa mwekundu, akatabasamu. Gari zima lilipata habari bila kuambiwa. Kubadilisha nepi kwenye matatu yenye watu 14 kunawezekana, mama watoto anajua. Swali ni hiyo ya zamani unaipeleka wapi. Zamani ungeifunga kwenye karatasi ya nailoni, mafundo mawili, kwisha. Lakini serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na mimi ni raia mtiifu. Tukaomba gazeti kwa jirani. Mzee wa watu alitupa kurasa za siasa, akabaki na za michezo. Nikashikilia kile kifurushi mpaka Kisumu kama mtu aliyebeba barua ya mahakama.

Kisumu yenyewe sina ubaya nayo. Ni joto tu. Joto linakupokea steji, linakubebea mzigo, linalala nanyi.

Jumamosi tukaenda Impala Sanctuary, kule kando ya ziwa. Siku hizi malipo ni ya simu, kwa hiyo nilisimama langoni nikiandika namba za siri huku mkubwa akinivuta suruali kwamba mkojo umefika. Tukaingia. Nikambeba mabegani mpaka kwa simba. Simba, mfalme wa nyika, amelala kwa heshima zake. Mkubwa akamtazama kidogo, akasema, "Baba, mbwa." Akageuka. Alichokipenda mle ndani ni bomba la maji lililokuwa likivuja. Pale tulikaa. Watu wanapiga picha swala, sisi tunatazama bomba. Tumbili akaja akachukua ndizi ya mdogo, na mdogo hata hakulia. Nadhani alifikiri ni jamaa wa upande wangu.

Mchana tukaenda kula samaki. Ngege mzima, amekaangwa, mkia umetoka nje ya sahani, ugali unafuka moshi. Mate yananitoka hata sasa. Lakini jaribu kumla ukiwa na watoto! Unachambua miiba ya mtoto kipande kwa kipande, unakagua mara ya pili, unampa, anakitema kwa sababu kina ngozi. Unaondoa ngozi. Anasema anataka ngozi. Wakati huo mhudumu kaleta maji ya kunawa kwenye beseni, na mdogo, huyu asiyeoga katika karai la mtu, akajitupa humo na nguo zake, akapiga maji, akacheka mpaka meza za jirani zikapiga makofi. Karai letu liko hotelini, limesafiri na tikiti yake.

Yule mhudumu ndiye aliyetuokoa. "Nyathina, kuja," akasema, yaani mwanangu kwa Kijaluo, akamfuta, akamweka kiunoni, akaendelea kupeleka oda za watu naye. Nikala kwa amani dakika chache. Samaki wangu alikuwa baridi. Nilimla hivyo hivyo, na kichwa.

Usiku sitausema sana. Watoto walilala saa mbili, tukazima taa wasiamke, na watu wazima wawili waliolipia chumba wakakaa sakafuni bafuni wakinong'ona. Ng'ambo ya barabara muziki wa ohangla unalia, watu wanaishi maisha yao. Saa kumi alfajiri mkubwa akaamka akiwa tayari kwa utalii.

Na mnajua alichokililia tulipoondoka? Si ziwa. Tuktuk. Jumapili nzima tulimzungusha kwa tuktuk, Kondele kwenda, Kondele kurudi, anapungia watu mkono kama gavana. Tuktuk, ambazo hapa Nakuru zinapita mbele ya geti letu kutwa kucha.

Mama mkwe, aliyebaki na funguo za nyumba na kuku wetu, alikuwa ameomba kitu kimoja tu: samaki. Tukanunua mbuta wa kukaanga, tukamfunga vizuri kwenye gazeti. Bahati ikawa kwamba kabla hata ya Ahero mdogo alikunja uso tena, kwa hiyo kifurushi cha pili kikaingia kwenye kiondo hicho hicho. Karibu na Kericho abiria wakaanza kulalamika. Makanga akainama, akanusa kiondo kitaalamu, akatoa kifurushi kimoja, na tuliposimama steji akakipeleka mwenyewe kwenye pipa la taka. Mimi nilikuwa nimelala, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Simlaumu. Kwa haki kabisa, kati ya vile viwili, samaki ndiye aliyekuwa ananuka zaidi.

Mama mkwe alitupokea mlangoni. Nikampa kifurushi kwa mikono miwili, nimeinamisha kichwa, kama inavyompasa mkwe. Akakipima mkononi, akasema bado kina joto, Mungu awabariki. Akaenda nacho jikoni kutafuta sahani.