Fedha ziko benki, dawa hakuna
Mwandishi mmoja wa makala anasema zahanati zetu za Tanzania zinakwamishwa na uhaba wa fedha. Nakubali nusu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, yaani michango ya wafadhili kwa huduma za afya, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Hatua kubwa sana hiyo. Lakini anayezipangia matumizi ni nani? Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati kijijini kwetu. Mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, anatibu, anazalisha, usiku anajaza hesabu kwa tochi ya simu. Mwaka jana dawa za presha ziliisha wiki tatu na fedha zipo, mpango wa matumizi tu ulichelewa kuandikwa. Hakuna aliyeiba! Tupeni mhasibu, hata mmoja kwa kata, na mganga afundishwe uongozi kabla ya kukabidhiwa kituo.