Tangazo liwe kwao, darasa liwe kwetu

Miezi michache nyuma nilitangaza darasa la bure hapa Chake Chake: njoo na kompyuta yako kuukuu tuiwekee Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kisha tuzungumze namna ya kulinda faragha kwenye simu. Tangazo nililiweka kwenye mtandao ambao kila mtu yumo, na chini yake kiungo cha kujiunga na kundi la WhatsApp. Siku mbili tu kundi likajaa. Siku ya tatu akanipigia mama mmoja, mshoni. Kuna kijana kaichukua namba yake humo kundini na anamtumia ujumbe usiku wa manane. "Mwalimu," akanambia, "umetwita utufundishe kujistiri, kisha umetuanika kama karafuu."

Sikuwa na la kujibu. Karafuu huanikwa uwanjani juu ya jamvi, na kila apitaye njiani anajua umechuma kiasi gani. Namba za wanawake wale nilizitandaza vivyo hivyo, na hakuna hata mmoja niliyemuomba ruhusa.

Wapo wenzangu wanaosema dawa ni kuihama mitandao hiyo moja kwa moja. Richard Stallman, aliyeutangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kuunda mfumo huria wa kompyuta, hatumii Facebook na ameeleza wazi sababu zake. Namheshimu kwa hilo. Lakini yule mshoni hajapata kumsikia Stallman, na intaneti anayoijua yeye ni bando la WhatsApp analonunua asubuhi. Nikiandika Mastodon peke yake, mtandao wa kijamii usiomilikiwa na kampuni moja, nitasomwa na walioamini zamani.

Kwa hiyo mie nasema tuingie huko, ila tujue tumefuata nini. Tumefuata watu. Na hapa ndipo tunapokosea sana sisi wapenzi wa programu huria. Tunachapisha bango la kuhimiza programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzitumia, kuzichungua ndani, kuzibadilisha na kumgaia mwenziwe, halafu chini ya bango tunapanga nembo za makampuni yale yale na neno "tufuate". Asiyekuwa na akaunti huko tumemtuma akafungue! Tunawatangazia biashara bure, tena kwa jina la faragha. Kwenye mabango yangu nembo hizo nimeziondoa zote.

WhatsApp tuipe haki yake: tangu 2016 maneno yenyewe yanalindwa kwa usimbaji, yaani yanageuzwa fumbo lisilosomeka ila kwa wanaozungumza, ule ule wa Signal, programu nyengine ya kutumiana ujumbe. Lakini nani kazungumza na nani, na saa ngapi, hayo hayamo katika ulinzi huo, na mwenye WhatsApp tangu 2014 ni Facebook, ambayo leo inaitwa Meta na riziki yake ni matangazo. Signal inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi kwa kila mtu kuuchungua, na tangu 2024 mtu anaweza kujulikana kwa jina alilojichagulia, namba yake isionekane. Kwa mama yule hilo la mwisho ndilo lililokuwa na maana. Mengine aliyaitikia kwa adabu tu.

Sasa tangazo langu huko mitandaoni lina siku, mahali na anwani ya tovuti yetu, ambako masomo yote yanasomeka bila ya akaunti. Kundi hakuna. Tangazo hilo hilo nalibandika kwa karatasi kwenye maduka mawili matatu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima kwa saa sita hivi, na aliyekuwa ameweka kila kitu humo hakuwa na pa kusemea.

Darasa la pili mama alikuja, na laptopu ya mwanawe kaifunga ndani ya kanga. Mlangoni nilikuwa nimeweka daftari la mahudhurio: jina, mtaa, namba ya simu. Aliandika jina lake, akaacha kwengine kote patupu, akaenda kukaa. Nililitazama daftari lile, nikachukua rula na kalamu, nikaifuta safu ya namba kabla hajaingia mwengine.