Picha Safi, Sauti ya Pipani

Wiki iliyopita mpwa wangu alinionyesha video yake ya kwanza, na kwa sekunde tatu hivi nilijawa na fahari. Mandhari ya nyuma ilikuwa imefifia kwa ulaini, uso wake ulikuwa na rangi yake halisi, macho yalimeremeta. Kisha akafungua kinywa. Alisikika kama mtu aliyetumbukia ndani ya pipa na, badala ya kuomba msaada, akaamua kutoa mhadhara akiwa humo humo. Nilipomuuliza kipaza sauti alikiweka wapi, alinitazama kwa mshangao usio na unafiki wowote akajibu, "Si kimo ndani ya kamera, mjomba?"

Kijana huyu alijinyima kwa miezi minane ili anunue kamera hiyo. Katika miezi yote minane aliomba ushauri kwa kila aliyejiita mjuzi, naye akaelezwa habari za lenzi, za betri ya akiba, na za 4K, yaani wingi wa nukta zinazounda picha, kana kwamba zile nukta 3840 kwa 2160 zingemsemea maneno yake. Hakuna hata mmoja aliyemtajia sauti. Simlaumu yeye, nawalaumu wao, kwa sababu anayeanza huuliza jinsi ya kupiga video nzuri, nao humjibu swali ambalo hakuuliza, yaani anunue nini.

Nitasema jambo ambalo litawaudhi wapenzi wa vifaa: mtazamaji husamehe picha mbovu, lakini hasamehe sauti mbovu. Picha yenye chembechembe huitazama hadi mwisho ikiwa anachoambiwa kina maana, ila akilazimika kukaza masikio ili atofautishe neno na neno, ataondoka kabla hujamaliza kujitambulisha, na wala hatajua ni nini kilichomchosha.

Chanzo cha tatizo wala si ubovu wa kifaa, bali ni umbali. Mahali pa wazi, kila mara unapoongeza maradufu umbali kati ya kinywa na kipaza sauti, sauti yako hupungua kwa takriban desibeli 6, desibeli ikiwa kipimo cha nguvu ya sauti. Kutoka sentimita 25 hadi mita mbili ni maradufu mara tatu, yaani desibeli 18 zimepotea. Mwangwi wa chumbani, kwa upande wake, haupungui kwa kiasi hicho, kwa kuwa umeenea kila mahali, na hapo ndipo pipa linapozaliwa: kamera iliyo mita mbili mbele yako inakisikia chumba kuliko inavyokusikia wewe. Juu ya hayo, kamera nyingi hujipandishia zenyewe kiwango cha sauti kila unaponyamaza, hivyo katikati ya sentensi zako ngurumo ya feni hujitokeza kama mgeni aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kuzungumza.

Dawa yake imo mfukoni. Fungua kinasa sauti cha simu, iweke simu karibu na kifua chako mahali ambapo kamera haioni, kisha piga kofi moja mbele ya lenzi kabla ya kuanza, ili wakati wa kuhariri ulinganishe mlio wa kofi na picha ya viganja vinapokutana. Tundika mablanketi kwenye kuta ambazo kamera haizioni. Zima feni. Zima friji pia, na uache funguo zako ndani yake, hila ya zamani ya wanasa sauti, kwa maana hutaweza kwenda popote bila kukumbuka kuiwasha tena. Rekodi nusu dakika ya majaribio, uisikilize kwa hedifoni, na uhakikishe kwamba kipimo cha sauti hakigongi sifuri, ambayo hapo ndiyo kilele, kwa kuwa sauti iliyokatwa vichwa haiungiki tena.

Ukali wangu katika jambo hili una sababu. Miaka kadhaa iliyopita nilimrekodi babu yangu akiwa ameketi barazani, akieleza jinsi alivyochagua jina la kila mtoto wake. Jua la jioni lilimwangaza upande mmoja wa uso, nami nilishughulika na jua hilo kwa saa nzima, nikisogea kushoto na kulia, nikijiona fundi. Upepo ulikuwa ukivuma moja kwa moja kwenye kipaza sauti cha kamera, na sikuvaa hedifoni. Babu hayupo tena. Picha ninayo, nzuri kweli. Naiona midomo yake ikisogea, namwona akicheka alipofika kwa mama yangu, na kinachosikika ni mpasuko wa upepo tu.

Nakubali, ingawa shingo upande, kwamba kamera yenye kihisi kikubwa, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, ina faida yake gizani, ambako simu hubahatisha. Nakubali pia kwamba mwanga una maana: dirisha likuelekee usoni, lisiwe mgongoni. Lenzi ya simu ifutwe, kwa kuwa mafuta ya vidole yamefananishwa na ukungu wa kisanaa mara nyingi mno. Ukitaka kuvuta karibu, tembea. Na taa zikipepesa kwenye picha, linganisha kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, na mapigo ya umeme wa mahali ulipo, sehemu ya 50 ya sekunde penye hezi 50, au ya 60 penye hezi 60. Mambo hayo hujifunzwa kwa mchana mmoja, na ukiyakosea, bado utaeleweka.

Jana tulirudia video ya mpwa wangu. Mablanketi manne ukutani, simu kwenye mfuko wa shati, friji kimya na funguo zangu zikiganda ndani yake. Alizungumza kwa dakika sita bila kukwama, na nilipoweka hedifoni masikioni nilisikia hata pumzi yake kabla ya kila sentensi. Nikampongeza kwa moyo wote. Kisha akaenda kuizima kamera, akakuta hakuwa ameiwasha.