Sikumtapikia mwimbaji, jamani

Nianze na hilo, kwa sababu tangu Jumapili asubuhi simu yangu haijapumua. Sikumtapikia mwimbaji. Swahiba yangu mmoja, ndiye aliyekuwa akipiga ala ya sanduku usiku ule tulipokwenda kula ndani ya jahazi, karusha sauti kwenye kundi la mtaa: dakika nne na nusu, tatu zikiwa za kucheka. Humo anaapa kwa macho yake mawili kwamba niliinuka kumtunza mwimbaji kwa noti nikammwagia matapishi. Uongo mtupu. Mwimbaji yu salama na dera lake halina hata doa.

Nilitapika ndani ya mkoba wa mama mkwe.

Haya, mmeshajua. Sasa ngojeni niwape kwa mpango wake, maana nikinyamaza, hadi Ijumaa nitaambiwa nimezamisha chombo.

Mama mkwe katoka Tabora. Kapanda treni mpaka Dar, kavuka kwa boti mpaka Unguja, na maishani mwake alikuwa hajapata kuiona bahari. Mimi ni mtoto wa Mkoani, Pemba. Tangu siku ya posa nilikuwa nikimpigia ngoma ileile: "Mama, kwetu sisi mtoto huanza kuogelea kabla hajatambaa." Nikisema hivyo mke wangu hugeuka akaangalia ukuta. Yeye anajua. Kila tukienda Pemba mie hulala chali chini baina ya viti, ndimu puani, mfuko kifuani, na mpaka tuupite mkondo wa Nungwi huwa sikumbuki jina langu. Lakini ni siri ya ndani ya nyumba, na mama mkwe alikuwa Tabora. Tabora na Nungwi wapi na wapi.

Wazo la kwenda kula chakula cha usiku ndani ya jahazi lilitoka kwa shemeji yangu aliyesoma Misri. Huyu ndiye wa kulaumiwa, andikeni. Akatuhadithia jinsi Cairo watu wanavyokula jioni ndani ya meli juu ya mto Nile: meli kama hoteli, chakula kimepangwa mezani unajipakulia, muziki, na mwanamume anayecheza tanura, anazunguka na sketi ya rangirangi mpaka inasimama kama mwavuli. Mama mkwe akauliza kwa nini mtu achezee kwenye tanuri. Tukacheka, tukaeleweshana. Nikamuuliza shemeji, vipi, chombo hakiyumbi? Akanijibu, "Utadhani uko sebuleni." Mimi mjinga nikaridhika. Sebule ile ilikuwa mtoni. Mto unakwenda njia moja, una kingo huku na huku. Sisi Unguja hatuna mto wa kubeba hata meza ya chai. Tuna bahari, nayo huenda itakako.

Nyie mlioniandikia faragha kuuliza "tutarajie nini, na sisi tunataka kumpeleka mama," nawajibu humuhumu. Mnakutana pwani saa kumi na moja jioni. Viatu vinavuliwa, vinatiwa kikapuni, anabaki navyo kijana pale ufukweni. Siku yetu ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, na bamvua huku jioni maji huwa yamejaa, kwa hiyo watoto wa Forodhani walikuwa wakijirusha ukutani kama mvua. Unaingia majini hadi magoti, unapanda mashua ndogo, ndipo unapelekwa kwenye jahazi. Mama mkwe akakunja kanga yake, akapanda kama aliyezaliwa Tumbatu. Mimi nilipanda kwa kusukumwa makalio na baharia. Hilo swahiba kalisahau, lakini nalisema kwa sababu mimi ni mkweli.

Ndani kuna mikeka na mito, chemli zinaning'inia, na tezini, nyuma ya chombo, pamekaa nahodha na usukani wake. Wapigaji walikaa karibu na mlingoti: fidla, vigoma vya vidumbak viwili, cherewa za kutikisa, vijiti vya mkwasa, na huyo swahiba yangu na sanduku lake. Wasiolijua, sanduku ni kasha la mbao lenye uzi mmoja na fimbo. Ukiivuta fimbo uzi unakazika na sauti inapanda, ukilegeza inashuka. Ishikeni habari hiyo, tutaihitaji.

Tanga likapandishwa, upepo wa kusi ukatujia kutoka upande wa mji, bahari shwari. Mie nikajifanya mtembeza wageni. "Mama, ile ni Beit al-Ajaib, alijenga Sayyid Barghash mwaka 1883." Akauliza mbona imebomoka. Nikamwambia ilianguka upande Desemba 2020. Nikamwonesha kisiwa cha Changuu, nikamweleza kwamba kule ilijengwa jela isiyofunga mtu, ikageuzwa karantini ya wagonjwa, na siku hizi wanakaa makobe waliotoka Shelisheli. Nilisema hayo yote mkono mmoja kiunoni. Mke wangu akaninong'oneza, "Kaa chini." Nikamwambia wanaume wa Pemba hawakai.

Jua likazama kama saa kumi na mbili na nusu, na hapo sitanii. Adhana ilianza mjini, msikiti mmoja, wa pili ukadakia, wa tatu, haziendi pamoja, na wapigaji wakaweka ala chini. Mwezi mpevu ukachomoza nyuma ya mapaa. Mama mkwe akafuta macho kwa pembe ya kanga. Laiti tungerudi pale pale! Ningekuwa mkwe bora Tanzania nzima.

Hatukurudi. Wakashusha tanga ili tule.

Sasa hapa ndipo penye elimu, na hakuna aliyeniambia. Chombo kikiwa na tanga, upepo hukiegemeza upande mmoja kikatulia. Likishushwa, hakina wa kukishika, kinaanza kwenda mrama, huku na huku, polepole, kama bibi anayebembeleza mtoto. Na kiza kikishaingia huoni tena upeo wa bahari. Jicho linaiona sahani imetulia, sikio la ndani linasema tunapinduka, na tumbo linaachiwa kesi iamuliwe huko. Ukijihisi hivyo kaa katikati ya chombo, angalia mbali, kula kidogo. Mimi nilikaa pembeni kabisa, nikaiangalia chemli inavyobembea, nikala pweza wa nazi sahani mbili kwa sababu mama mkwe alikuwa akinitazama.

Halafu mtu akawasha mashine. Moshi wa dizeli ukapita juu ya samaki wa kupaka, ukanijia puani.

Mate yakaanza kujaa mdomoni. Miayo. Jasho la baridi nyuma ya masikio. Mke wangu akanipa ndimu kwa chini, kimya kimya, kama rushwa. Nikaikataa. Naomba mniache kidogo nikumbuke kwamba niliikataa ndimu.

Basi wapigaji wakaingia kwenye wimbo wa kumsifu mzazi, na mwimbaji akamwelekea mama mkwe, akamwinamia. Mtu mzima unafanyaje? Unatunza. Nilikuwa nimeshaivunja elfu ishirini tangu mchana, noti kumi za elfu mbili mpya. Nikazipanga kama upepeo, nikainuka na kanzu yangu nyeupe na kofia ya viua, nikaanza ule mwendo wetu wa kutunza, bega la kulia, bega la kushoto. Watu wakapiga vigelegele. Kidumbak kikashika kasi. Nawaambia kwa sekunde kama kumi hivi nilikuwa mzuri, na kuna picha.

Wakati huo boti ya jioni kutoka Dar, iliyokuwa imechelewa, ikapita kwa mbali inawaka taa. Tukaipungia. Mama mkwe akaipungia. Ikaenda zake bandarini, na kila mtu akaisahau. Boti ilishapita. Mawimbi yake ndiyo yalikuwa njiani.

Nahodha akasema "Shikeni!" Hakupiga kelele, alisema tu kama mtu anayeomba chumvi. Wote wakashika kitu. Mimi mikono yangu ilikuwa inatunza.

Wimbi la kwanza likatuinua. Nikasimama kwa vidole, noti juu, nikimtazama mwimbaji usoni, na nikaona uso wake unaelewa kabla yangu. Akarudi nyuma hatua mbili, mwanamke yule ana akili. Wimbi la pili likatuangusha. Mkono wa kulia bado umeshika pesa (sijui kwa nini, Mpemba ni Mpemba), wa kushoto ukatafuta pa kushika, na ulichokipata ni fimbo ya sanduku. Nikaivuta na uzito wangu wote. Uzi ukakazika. Sauti ikapanda. Ikapanda tena. Lile sanduku linalosema "ndu, ndu" tangu kuumbwa kwake likalia kama paka aliyekanyagwa, na wapiga vidumbak, ambao walinipa mgongo, wakadhani ndiyo naunogesha, wakaongeza kasi. Swahiba anavuta fimbo yake kule, mimi navuta huku, macho kwa macho, hatusemi neno. Kisha uzi ukakatika.

Nikarudi nyuma. Sikuanguka, ningeanguka ingekuwa heshima. Nilirudi kwa hatua ndogondogo za haraka, nikapita kati ya wageni, nikakanyaga sambusa, nikapiga magoti ndani ya sinia la wali wa nazi, na wimbi la tatu likanilaza mbele kama mtu anayesujudu. Mbele yangu palikuwa na mapaja ya mama mkwe. Mkwe! Mtu ambaye hata kumpa maji nampa kwa mikono miwili. Na juu ya mapaja palikuwa na mkoba, na mkoba ulikuwa wazi, kwa sababu alikuwa anatafuta miwani yake amwone mkwewe vizuri anavyotunza. Ulikuwa wazi kabisa, umenielekea, unasema karibu.

Nikakaribia.

Pweza wote. Wa sahani ya kwanza na wa sahani ya pili.

Kibaya zaidi si hicho. Kibaya ni kwamba mama mkwe hakupiga kelele wala hakuuvuta mkoba. Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, kama mtoto mwenye homa, akasema kwa sauti ya Tabora iliyosikika mpaka tezini: "Toa, mwanangu. Toa yote." Watu kama ishirini, wageni wa Kitaliano wanne, na baharia mwenye ndoo aliyesimama asijue aipeleke wapi. Nikatoa yote. Nilipoinua kichwa niliona mkono wake wa pili umeshika sahani, hajamwaga hata mchuzi. Huyo ndiye asiyeijua bahari.

Nahodha, mzee wa Kitumbatu, akasema taratibu, "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Nikamwomba basi anioneshe ngama ilipo, kule chini kabisa ya chombo, niingie.

Noti saba zilikwenda na upepo, kama kuna mvuvi kazipata na azile kwa amani. Tatu ziligandia mchuzi mgongoni mwa kanzu yangu. Mwimbaji akaja akazibandua moja moja, bila kukosa hata neno la ubeti wake. Kwa hiyo kutunza nilitunza. Hilo nalo swahiba kaliruka.

Yaliyobaki si ya kusimulia. Nililazwa katikati ya chombo, ndimu puani, hadi pwani. Nilikuwa nikiiangalia Changuu ikipita gizani nikiwaza kwamba karantini si wazo baya, na makobe hawana simu. Miwani ilioshwa, tasbihi ikaoshwa mara saba, simu ya mama inafanya kazi ila anayeipokea huivuta mbali na pua. Mkoba mpya nimenunua Darajani Jumatatu, sitaji bei. Uzi wa sanduku nimeulipa pia, na ndiyo maana nashangaa mtu nimemlipa halafu ananirushia sauti mtaani.

Wale mnaoniita Nahodha, nawaona, nawahesabu.

Mama kesharudi Tabora. Jana usiku kapiga simu, nikakimbilia jikoni, mke wangu akaweka sauti ya nje makusudi. Kafika salama, kawahadithia majirani wote, na mwakani anakuja na dada zake wawili, wanataka jahazi lilelile, nahodha yuleyule, na pweza yuleyule.

"Na baba watoto?" mke wangu akamuuliza.

"Aje," mama akasema. "Atatushikia viatu."