Turkana imejaa, je, waliopinga bwawa walikosea?

Ethiopia ilipoanza kujaza bwawa la umeme la Gibe III kwenye Mto Omo mwaka 2015, baadhi ya wapinzani walionya kwamba Turkana, ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote jangwani, lingebaki maziwa mawili madogo. Hofu hiyo ilikuwa na mashiko. Mto Omo pekee huliletea karibu asilimia 90 ya maji yake, na hakuna mto unaotoka humo. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke, zaidi ya mita 2 kwa mwaka. Kufikia 2017 maji yalikuwa yameshuka kama mita moja na nusu, na 2018 UNESCO ikaingiza hifadhi za Turkana katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Kisha zikaja mvua za 2019 na 2020. Ziwa likapanda, likameza makazi ya ufuoni. Watetezi wa bwawa wakapata la kusema, na si neno dogo: bwawa la umeme halinywi maji, huyapitisha kwenye mitambo na kuyaachia yaendelee. Tena Kenya yenyewe inanunua umeme wa Ethiopia tangu 2022, ikianzia megawati 200, kwa njia ya umeme inayofika Suswa.

Ila mvuvi wa Kalokol haulizi maji yamefika wapi, anauliza ngege wako wapi. Samaki wengi wa Turkana huzaa kwa kufuata mafuriko ya Omo, yanayoleta tope lenye rutuba na kufunika nyasi za kandokando. Gibe III huyazuia mafuriko hayo na kuyagawa mwaka mzima. Jumla ya maji yaweza kuwa ileile na msimu ukapotea. Wanywaji halisi, kwa maoni yangu, ni mashamba ya miwa ya Kuraz, huko huko Ethiopia, yanayonyweshwa maji ya Omo baada ya kupita bwawa. Hayajafikia ukubwa uliopangwa mwanzo, kwa hiyo mvua nzuri za miaka michache hazijajibu swali la kama waliopinga walikosea.

Ethiopia ilipopanga bwawa iliahidi kuachia mafuriko ya makusudi, siku 10 kila mwaka. Kenya sasa ni mteja wake, na mteja ana haki ya kuuliza bidhaa inatengenezwaje. Nairobi ianze na hizo siku 10: ni tarehe ngapi, na maji kiasi gani.