Kaya ya Watu Sita

Jamani, nani alikaa chini akahesabu akapata kaya ya Mtanzania ina watu sita? Nimeuza jogoo wangu na debe mbili za mahindi kwa ajili ya kadi ya CHF, ile bima ya afya ya jamii. Nikavaa shati la Idi, kalamu mfukoni, nikamkaribisha kijana mwandikishaji barazani kama baba mwenye nyumba. Akafungua simu: 30,000, mwaka mzima, watu sita.

Kwangu tuko saba.

Nikasema tumtoe kitinda mimba, maana chini ya miaka 5 anatibiwa bure. Kijana akauliza anafikisha mitano lini. Mwezi ujao. Mke wangu akanitupia jicho, nikanyamaza.

"Basi tumtoe bibi," kijana akasema taratibu. "Wazee wa miaka 60 nao wamesamehewa."

Nikakohoa. Mama mkwe analia magoti tangu masika ya mwaka juzi. Mwenyewe kanisimulia kwamba Vita vya Kagera, 1978, vilimkuta kwa mumewe, anatwanga. Akakunja kanga, akatamka kwa heshima zote: "Mwanangu, andika hamsini na mbili."

Yaani aliolewa kabla hajang'oka meno ya utoto! Kijana akaomba kitambulisho. Kimeliwa na panya. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama paa. Umri wa mkwe ukiuhoji, utalala wapi?

"Kama nawazidi, nitoeni," mama mkwe akasema, "nikafie kwa mwanangu mwingine." Mke akaanza kulia. Watoto nao, hata hawajui kuna nini.

Nikajitoa mimi. Kwenye simu mkuu wa kaya sasa ni mke wangu, na mimi jino linaniuma hapa ninapoandika.

Na hao sita wenyewe wakifika zahanati wataambiwa dawa kanunueni duka la nje! Tangu 1993 ulipoanza uchangiaji hospitalini, mtu unachangia tu, matibabu, harusi, msiba, na bendera ya mwenge. Sheria ya bima kwa wote ilipitishwa 2023, nami katika hao wote simo. Nimejitoa mwenyewe, barazani kwangu!

Kupiga picha, mama mkwe akatoka na wanja. Kapendeza, siwezi kukataa.

Halafu tangu jogoo wangu aondoke naamshwa na wa jirani. Saa tisa za usiku anawika! Nimekwenda kumwambia jirani, ananiuliza wa kwako yuko wapi.