Acheni kukimbilia kufomati

Tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, wahandisi wa Lubumbashi wanapandisha mashini zao kwenda Windows 11, na kwenye makundi ya WhatsApp swali kuhusu programu hii ya kuchora plani ya kampuni ya Autodesk ni lile lile: "Wakubwa, AutoCAD inaonyesha nembo kisha inajifunga, nifanye nini?" Jibu nalo ni lile lile: "Fomati," yaani futa diski yote na uweke Windows upya. Hakuna anayeuliza ni toleo la mwaka gani, leseni ni ya aina gani, wala kama mwenye mashini ameweka akiba ya kazi zake. Fomati, lipa, nenda nyumbani.

Huo si ufundi. Anayefomati bila kuuliza anafuta hata vitu ambavyo mwenye mashini hajui kwamba anavyo. Leseni ya SolidWorks, programu ya kubuni vipande vya mashini, iliyoamilishwa kwenye mashini moja inatakiwa izimwe kwanza kutoka kwenye programu yenyewe, la sivyo ukisakinisha upya utaambiwa inatumika mahali pengine, na utaanza kuandikiana barua na muuzaji aliye nchi nyingine. Kwa watu wa otomatiki, wale wanaofanya kazi na TIA Portal, programu ya Siemens ya kuongoza mitambo, kwenye viwanda vya Likasi na Kolwezi, hasara ni kubwa zaidi: funguo za leseni ziko kwenye folda iliyofichwa inayoitwa AX NF ZZ. Kuikopi kama picha za harusi hakusaidii. Ufunguo unahamishwa kwa Automation License Manager tu, kutoka diski kwenda kle ya USB, kisha ukimaliza unarudishwa. Fundi akifomati kabla ya hapo, leseni imekwenda na maji.

Kwa nini programu hizi zinaharibika wakati Word inaendelea vizuri? Kupandisha Windows juu ya Windows kunajenga mfumo mpya, kunahamishia humo programu na rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), na mfumo wa zamani unawekwa kwenye folda ya Windows.old. Programu nyepesi zinahama bila kelele. Za uhandisi zinabeba huduma ya leseni inayoitambua mashini kwa alama zake, draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) zinazoingia hadi kwenye kiini cha mfumo, na vipande vinavyotumiwa na programu kadhaa kwa pamoja. Kimoja kikiteleza, nembo inaonekana halafu kimya.

Kwa hiyo kama una kazi ya kukabidhi kesho, rudi nyuma kwanza. Windows inakupa siku 10 za kurudi kwenye mfumo wa zamani, na siku hizo zinaongezwa hadi 60 ukifungua dirisha la amri kama msimamizi kabla hazijaisha na kuandika DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Amri moja. Sijui kwa nini hakuna anayeitaja.

Ukiamua kusafisha, fuata mpangilio. Leseni imeshatajwa. Baada yake, okoa mipangilio yako. Kwa AutoCAD 2024 ya Kifaransa iko C:\Users, jina lako, halafu AppData\Roaming\Autodesk\AutoCAD 2024\R24.3\fra. Humo kuna acad.pgp yenye vifupisho vyako vya amri, faili za cuix za menyu, na ndani ya Plotters kuna ctb na pc3 za uchapaji. Ofisi zinapoteza ctb zilizotengenezwa kwa miaka, kisha zinashangaa kwa nini mistari ya plani imekuwa minene.

Sasa kuondoa. Andika appwiz.cpl, orodha ya programu ifunguke. Viongezo na masasisho yanatoka kwanza, programu yenyewe inafuata, na vipande vya pamoja kama maktaba ya vifaa (Material Library) vinakuwa vya mwisho. Hapa usiwe na mkono mwepesi: Revit au Civil 3D, ambazo nazo ni za Autodesk, ikibaki kwenye mashini, usiguse maktaba hiyo wala huduma ya leseni, maana wanazitumia wote. Kama Autodesk yote inaondoka, nenda C:\Program Files (x86)\Common Files\Autodesk Shared\AdskLicensing na uendeshe uninstall.exe. Anzisha mashini upya. Hapo ndipo unashughulikia mabaki: folda za Autodesk ndani ya Program Files, ProgramData, AppData\Local na AppData\Roaming. Usizifute, zibadilishe jina. Ongeza "_zamani" mwishoni, ukikosea unarudisha. Ndani ya ProgramData\FLEXnet ondoa faili zinazoanza na adsk peke yake, kwa sababu kampuni nyingine nazo huweka leseni zao humo. Kwenye regedit, kihariri cha rejista, hamisha nakala ya tawi kwanza, kisha ufute Autodesk chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software na HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE. Kuondoa programu na kuacha mabaki haya ni kumfukuza mpangaji huku ukimwachia funguo: programu mpya itaingia na kukuta mipangilio mibovu ya zamani ikiisubiri.

Na zile Visual C++ Redistributable, maktaba za Microsoft zinazotumiwa na programu nyingine, za 2010, 2012, 2013 na kuendelea ziacheni jamani! Hazijirudii bure. Kila moja ina programu inayoitegemea.

Jambo linalonipandisha hasira kuliko yote ni folda ya C:\Windows\Installer. Imefichwa, inaweza kufika gigabaiti nyingi, na kila "msafishaji" anayetafuta nafasi kwenye diski ya gigabaiti 256 anaiona na kuifuta kwa furaha. Humo ndimo Windows inahifadhi faili za msi (za usakinishaji) inazozihitaji ili kurekebisha au kuondoa programu. Ukishaifuta, siku ya kuondoa AutoCAD unapewa kosa 1612, chanzo cha usakinishaji hakipatikani. Huwezi kuiondoa na huwezi kuweka mpya juu yake. Mashini hiyo inarudishwa kwa yule yule aliyeisafisha, naye anasema nini? Fomati! Dawa ipo: kifaa cha bure cha Microsoft cha kutatua matatizo ya kusakinisha na kuondoa programu hufuta usajili wa programu iliyokwama, kisha mabaki unayatoa kwa mkono kama nilivyoeleza. Matokeo kama hayo hayo hutokea umeme ukikatika katikati ya kuondoa, na katika mji huu nani atasema umeme haukatiki? Mashini ya mezani isiyo na UPS isianze kazi hii.

Programu nyingi za kupanga machimbo zinalindwa na kle ya leseni ya aina ya HASP, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Chomoa kle kabla ya kugusa draiva. Endesha haspdinst -fr -kp -nomsg kuitoa ya zamani, anzisha upya, kisha haspdinst -i ya toleo jipya, ndipo uchomeke. Fungua localhost:1947 kwenye kivinjari. Kle ikionekana hapo, umemaliza. Windows 11 ikilalamika kuhusu hardlock.sys, faili ya draiva hiyo, chini ya "Intégrité de la mémoire" (ulinzi wa kumbukumbu), usizime ulinzi huo kama wanavyoshauri. Draiva ndiyo imezeeka.

Wakati wa kusakinisha, tumia kifurushi kamili kilichopakuliwa chote, siyo kile kidogo kinachovuta gigabaiti kutoka intaneti huku mega zako zikiyeyuka. Safisha %TEMP%, funga antivirusi, bofya kulia na uchague msimamizi. TIA Portal ikikuambia "anzisha upya" kila mara hata baada ya kuanzisha upya, angalia thamani ya PendingFileRenameOperations chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager; hifadhi nakala, ifute, endelea. Na ukihamia AutoCAD 2025, viongezo vya zamani vilivyojengwa kwa .NET Framework, jukwaa la zamani la Microsoft la kuandikia programu, havitaamka, kwa sababu toleo hilo limehamia .NET 8. Hapo hata ufomati mara kumi.

Haya, nakubali: kuna mashini za kufomati. Diski inayokufa, au mashini ya mtumba yenye AutoCAD nne za miaka tofauti zilizowekwa na watu wanne. Fomati, lakini baada ya leseni na ctb.

Wenye kopi zilizovunjwa wataniuliza kwa nini, hata baada ya usafi wote huu, leseni halali waliyonunua hatimaye haiamiliki. Fungua C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts kwa Notepad kama msimamizi. Mistari inayotaja autodesk iliandikwa na aliyekuwekea kopi hiyo ili programu isiongee na wenyewe, na kupandisha Windows hakuifuti. Ifute wewe. Na wanafunzi wa Polytechnique, Autodesk inawapa leseni ya bure ya mwaka mmoja inayofanywa upya kila mwaka mkiwa bado masomoni. Mnamlipia nani hiyo iliyovunjwa?